Bomba Jipya, Maji Yale Yale: Mafuta ya Damu na Kuziba kwa Mishipa ya Baipasi



Naomba radhi mapema kwa urefu wa waraka huu, lakini nilipojaribu kuufupisha niliona napunguza yale yenye faida.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Maskati na rafiki yangu wa tangu skuli. Amefanyiwa operesheni ya baipasi ya moyo, mishipa minne, na alhamdulillahi imekwenda vizuri. Kabla ya kupasuliwa, LDL yake, yaani yale mafuta tunayoyaita "mabaya", ilikuwa 4.1. Siku ya tano baada ya operesheni wakampima tena, ikawa 2.0. Basi akafurahi mno. Akaniambia: "Sheikh yangu, mabomba nimeshabadilishiwa, na mafuta yameshashuka. Sasa hivi vidonge vya nini tena? Nivile mpaka lini?"

Nikamjibu kwa ufupi: "Mpaka mwisho." Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Kwanza nijitambulishe kwa wasionijua. Mimi si daktari. Nimefanya kazi katika maabara ya damu hapa Uingereza kwa miaka 31, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupima mafuta ya damu za watu. Vilevile mimi mwenyewe nilipasuliwa moyo mwaka 2003, nikiwa na umri wa miaka 52. Niliwekewa mishipa mitatu: mmoja ateri ya kifuani, miwili ya mguuni. Na mwaka 2006, mimi huyu huyu niliyekuwa nikipima mafuta ya wenzangu kutwa, niliacha vidonge vyangu. Wazee walisema mganga hajigangi. Yaliyonifika nitayasema mbele, lakini kwanza tufahamu jambo lenyewe.

BAIPASI NI NINI KHASA?

Moyo ni msuli, na msuli unahitaji damu yake wenyewe. Damu hiyo huletwa na mishipa ya korona, ateri nyembamba zinazouzunguka moyo kwa nje. Mafuta yakijijenga ndani ya kuta za ateri hizi, njia inakuwa nyembamba, na mtu anaanza kubanwa kifua anapopanda ngazi au anapotembea haraka. Baipasi ni kuchukua mshipa kutoka mahali pengine mwilini na kuushonea ili damu ipite pembeni ya pale palipoziba. Ndiyo kusema, palipoziba hapazibuliwi, hapaguswi kabisa. Inajengwa barabara ya mchepuko tu. Mshipa huu wa kupandikiza nitauita "kipandikizi" ili tufupishe maneno.

Mwaka 1964, huko Leningrad, daktari Vasilii Kolesov aliunganisha ateri ya kifuani na ateri ya korona. Mwaka 1967, Muajentina René Favaloro, akiwa Cleveland, Marekani, alianza kutumia vena ndefu ya mguuni, inayoitwa safena. Njia ya Favaloro ndiyo iliyoenea duniani, kwa sababu vena ya mguu ni ndefu, ni rahisi kuitoa, na mguu unaweza kuishi bila ya hiyo vena.

Lakini vena si ateri, na hapa ndipo mambo yanapoanzia. Vena ya mguu imezoea maisha ya upole. Presha ndani yake ni ndogo sana, damu inapita taratibu kurudi moyoni. Ghafla inakatwa, inashikwashikwa, inashonwa kwenye mshipa mkuu wa aorta, na kuanzia hapo inapigwa na presha ya ateri, 120 na kitu, kila pigo la moyo, mara laki moja kwa siku. Ukuta wake haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Ateri ya kifuani ni kinyume chake. Imezaliwa katika presha hiyo, ukuta wake una utando madhubuti wa kunyumbuka, na utando wake wa ndani unatoa kwa wingi kemikali za kuulegeza mshipa na kuzuia damu kuganda. Ndiyo maana, miaka kumi baada ya operesheni, ateri za kifuani zipatazo 85 hadi 95 katika kila 100 huwa bado ziko wazi, wakati vena za mguu zilizoziba hukaribia nusu, na nyingi kati ya zilizobaki wazi zimeanza kuharibika. Mwaka 1986 madaktari wa Cleveland walionyesha kwamba wagonjwa waliowekewa ateri ya kifuani kwenye mshipa mkuu wa mbele wa moyo waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliowekewa vena peke yake. Tangu hapo, ateri hiyo imekuwa ndiyo chaguo la kwanza. Lakini moyo unahitaji mishipa miwili, mitatu, minne, na kwa hivyo vena za mguu zinaendelea kutumika mpaka leo.

KIPANDIKIZI KINAKUFA MARA TATU

Watu wengi husikia "mshipa umeziba tena" wakadhani ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Vena iliyopandikizwa ina khatari za aina tatu, kila moja na wakati wake, na ukizichanganya hutafahamu lini mafuta ya damu yanahusika na lini hayahusiki.

1. Mwezi wa kwanza: DAMU KUGANDA. Utando wa ndani wa vena umechubuka wakati wa kutolewa, au mshono umebana, au mshipa wa chini unaopokea damu ni mwembamba mno. Damu inaganda, kipandikizi kinaziba. Hapa mafuta si mkosaji mkuu. Kinachosaidia ni mkono mzuri wa mpasuaji na aspirini inayoanzwa mapema. Kuna njia ya kuitoa vena pamoja na nyama na mafuta yanayoizunguka, bila ya kuivua wala kuitanua kwa nguvu. Ilianzia Sweden, na lengo lake ni kupunguza khatari hii.

2. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka mwaka: UKUTA KUNENEPA. Vena inajaribu kujigeuza ateri. Seli za misuli ya ukuta wake zinazaliana na kuingia upande wa ndani, ukuta unakuwa mnene, njia inapungua. Hii ni kama kovu. Peke yake aghalabu haizibi mshipa, lakini inatayarisha shamba ambalo mafuta yatakuja kupandwa.

3. Baada ya mwaka na kuendelea: MAFUTA. Sasa ukuta ule ulionenepa unaanza kunyonya kolesteroli. Ugonjwa ule ule ulioziba ateri za korona kwa miaka thelathini au arubaini unaanza upya ndani ya vena, ila huku unakwenda mbio zaidi. Tena mafuta ya ndani ya vena ni ya namna mbaya: yametapakaa mshipa mzima badala ya kukaa mahali pamoja, ni laini, yanamegeka, na ngozi ya kuyafunika ni nyembamba au haipo kabisa. Yakipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unafunga.

Kwa hiyo rafiki yangu wa Maskati anaposema "nimeshabadilishiwa mabomba", ni kweli. Lakini maji yanayopita ndani ya mabomba hayo ni yale yale yaliyoziba yale ya kwanza. Na bomba hili jipya, bwana, ni dhaifu kuliko lile la zamani!

HEBU TUYAJUE MAFUTA YENYEWE

Mafuta na maji hayachanganyiki, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hivyo mwili huyapakia mafuta ndani ya vyombo vidogo mno, tufanye mfano wa majahazi, vyenye protini kwa nje na mafuta kwa ndani. Unapopimwa damu, tunachokihesabu maabara ni shehena iliyomo ndani ya majahazi hayo.

Ini hupakia jahazi kubwa lililojaa triglisaraidi, yaani mafuta ya nguvu. Njiani linashusha shehena hiyo kwenye misuli na kwenye mafuta ya mwili, linapungua, mwishowe linabaki jahazi dogo lililojaa kolesteroli. Hilo ndilo LDL. Ini lina milango ya kuyapokea majahazi haya yakirudi. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya milango hiyo. Milango ikiwa michache, majahazi yanazurura baharini, na kadiri yanavyozurura ndivyo yanavyokwama kwenye kuta za mishipa.

Dawa za statini zinafanya kazi hapo hapo. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeigundua ya kwanza katika miaka ya 1970, kutokana na ukungu wa kuvu. Statini inalizuia ini lisitengeneze kolesteroli yake lenyewe. Ini likiona limepungukiwa, linafungua milango mingi zaidi na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Muangalie jambo hili vizuri: dawa haisafishi ikamaliza kama sabuni. Milango iko wazi muda unaokunywa dawa. Ukiacha, inafunga, na katika wiki chache LDL inarudi pale pale ilipokuwa. Mimi nimeyaona haya katika karatasi za wagonjwa mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na nimeyaona katika karatasi yangu mwenyewe.

HDL tunaiita mafuta "mazuri", kwa sababu inachukua kolesteroli kutoka kwenye kuta na kuirudisha. HDL ndogo ni dalili mbaya, hilo ni kweli. Lakini dawa za kuipandisha zimejaribiwa katika majaribio makubwa na hazikuleta faida iliyotarajiwa. Kwa hivyo msihadaike na HDL nzuri mkaisahau LDL mbaya.

Halafu kuna moja ambayo wengi wetu hatujaisikia: lipoprotini ndogo-a, huandikwa Lp(a). Ni jahazi la LDL lililofungiwa protini ya ziada, na kiwango chake kinarithiwa. Chakula hakikibadilishi kwa kiasi cha maana. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wanayo zaidi kuliko Wazungu, na watu wa Bara Hindi wako katikati. Sisi watu wa pwani damu zetu zimechanganyika pande zote hizo, basi jambo hili linatuhusu. Zipo tafiti zilizoihusisha na kuharibika kwa vipandikizi vya vena. Inatosha kuipima mara moja tu katika maisha.

USHAHIDI UNASEMAJE?

Najua humu mna wasomi ambao hawakubali neno bila ya dalili, na mna haki.

Mwaka 1984, madaktari wa Montreal, Canada, walichapisha matokeo ya wagonjwa 82 waliopigwa picha za mishipa miaka kumi baada ya baipasi. Waliwalinganisha walioharibikiwa na vipandikizi na wale ambao vyao vilibaki salama. Tafauti kubwa ilikuwa katika mafuta ya damu: walioharibikiwa walikuwa na LDL na triglisaraidi za juu zaidi, na HDL ya chini zaidi.

Lakini kulinganisha peke yake hakutoshi. Swali ni je, ukiyashusha mafuta, mshipa unasalimika? Mwaka 1987, Los Angeles, yalitoka matokeo ya wanaume 162 wasiovuta sigara, wote wameshafanyiwa baipasi. Nusu walipewa dawa mbili za kushusha mafuta, kolestipoli na niasini, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka miwili, waliokunywa dawa walipata madoa mapya machache zaidi katika vipandikizi vyao, na asilimia 16 mishipa yao ilionekana kupata nafuu, dhidi ya asilimia 2 tu upande wa pili. Dawa hizo leo zimepitwa na statini, lakini somo lilibaki.

Ushahidi mkubwa ukaja mwaka 1997, kutoka Marekani: wagonjwa 1,351 waliopasuliwa kati ya mwaka mmoja na kumi na moja nyuma. Kundi moja walishushwa LDL kwa nguvu kwa statini, ikafika kwenye 95 kwa kipimo cha Marekani. Kundi la pili walishushwa kwa upole, ikakaa kwenye 134. Baada ya takriban miaka minne, vipandikizi vilivyozidi kuharibika vilikuwa asilimia 27 katika kundi la kwanza na asilimia 39 katika la pili. Waliohitaji kupasuliwa au kuzibuliwa tena walipungua kwa asilimia 29. Katika jaribio hilo hilo walijaribu pia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, warfarini, kwa kipimo kidogo. Haikusaidia kitu. Kilichookoa mishipa kilikuwa kushusha mafuta.

Mwaka huo huo wa 1997, Finland, wanaume 395 wenye HDL ya chini waliokwisha kufanyiwa baipasi walipewa jemfibrozili au kidonge bandia. Madoa mapya ndani ya vena yalionekana kwa asilimia 14 ya waliopewa kidonge bandia, na asilimia 2 tu ya waliopewa dawa. Hili linaonyesha kwamba hadithi nzima si LDL peke yake; kwa wenye triglisaraidi za juu na HDL ya chini, sura ya kawaida kwa watu wa kisukari na wenye vitambi kama sisi, nayo ina uzito wake.

SASA LA UPANDE WA PILI

Ningekuwa muuza dawa ningeishia hapo. Lakini haki ni kusema yote.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio linaloitwa NEWTON-CABG. Wagonjwa zaidi ya 700 waliofanyiwa baipasi, ambao tayari walikuwa wakitumia statini, waligawanywa: wengine waliongezewa sindano ya evolokumabu, dawa mpya ya nguvu, wengine sindano bandia. LDL ilishuka karibu nusu nzima zaidi kwa waliopata dawa. Watu walitarajia vena zao zitakuwa safi zaidi. Lakini wapi! Baada ya miaka miwili, vena zilizoharibika zilikuwa kiasi cha moja katika tano kwa pande zote mbili. Hapakuwa na tafauti ya maana.

Je, ndiyo kusema mafuta hayana kazi? Wapo watakaokimbilia kusema hivyo, na mimi nasema wamefanya haraka. Rudini kwenye zile nyakati tatu. Miaka miwili ya mwanzo ni miaka ya damu kuganda na ukuta kunenepa, na mambo hayo hayatibiwi kwa kushusha LDL. Tena wote walikuwa tayari kwenye statini, kwa hivyo jaribio halikuuliza "dawa au bila ya dawa". Liliuliza "je, kushusha zaidi na zaidi mapema kunaokoa vena?" Jibu, kwa miaka miwili hiyo, ni hapana. Ile kazi ya mwaka 1997 iliangalia watu walioishi na vipandikizi vyao kwa miaka mingi, wakati ambapo mafuta ndiyo adui.

Kwa hiyo mimi nachukua mafunzo mawili. La kwanza: mtu akizibwa na kipandikizi mwezi wa tatu, asijilaumu wala asilaumiwe na jamaa zake kwamba "amekula samli". Huenda vena haikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. La pili: aliyevuka salama miaka ya mwanzo asidhani ameshavuka bahari. Ndiyo kwanza anaingia kwenye maji ya mafuta. Na tusisahau kwamba mgonjwa ana mishipa mingine ya korona ambayo haikuguswa, ana mishipa ya shingo na ya ubongo, na huko kushusha LDL kumethibitika kupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi, iwe kwa statini au kwa hizo sindano.

YALIYONIFIKA MIMI

Baada ya operesheni yangu ya 2003 nilikuwa mtu mpya. Nilitembea maili tatu bila ya kusimama. Mwaka wa tatu nikaanza kusikia maumivu ya misuli, nikasema ni vidonge. Labda vilikuwa ndivyo, labda ni umri, sikumuuliza daktari. Niliacha mwenyewe kimyakimya, wala mke wangu sikumwambia. Nilijiambia moyo umeshatengenezwa. Mimi, ninayejua maana ya kila tarakimu katika karatasi ile! Kila mwaka nikaikwepa sindano ya kupimwa damu, kwa sababu moyoni nilijua itasema nini.

Mwaka 2012, nikipanda ngazi za stesheni, kifua kikabana kama zamani. Wakanipiga picha za mishipa. Vena moja imeziba kabisa, ya pili imebakiwa na njia kama uzi. Ateri ya kifuani iko wazi, safi kama siku ilipowekwa, na daktari aliniambia wazi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniweka hai. LDL yangu ilikuwa 4.4.

Niliwekewa vyuma vya kutanua mshipa katika ateri yangu ya asili, nikapewa statini ya aina nyingine kwa kipimo kidogo pamoja na kidonge cha ezetimibu, na maumivu ya misuli hayakurudi. Ndiyo kusema miaka sita niliyoipoteza, dawa niliyoweza kuivumilia ilikuwepo. Ilikuwa ni suala la kuuliza tu. Siwezi kuapa kwamba vena zile zingebaki wazi lau ningekunywa vidonge. Mmeona hapo juu kwamba nyingine huziba hata hivyo. Lakini nilizinyima nafasi yao, na hilo ndilo linaloniuma.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Kipimo cha siku za mwanzo baada ya operesheni KINADANGANYA. Mwili ukishapata jeraha kubwa, kolesteroli ya damu hushuka kwa wiki kadhaa, halafu hupanda tena. Ile 2.0 ya rafiki yangu si ushindi. Apimwe tena baada ya miezi miwili mitatu ndipo ataijua hali yake ya kweli.

2. Jueni vipimo vya nchi mliyopo. Uingereza, Oman na Afrika Mashariki mara nyingi hutumia milimoli kwa lita. Marekani hutumia miligramu kwa desilita. Kwa kolesteroli, zidisha milimoli kwa 38.7 upate miligramu. Hivyo 2.6 ni kama 100, na 1.8 ni kama 70, na 1.4 ni kama 55. Nimeshawahi kuona mtu kaja na karatasi ya Marekani, daktari wa nchi nyingine kashtuka bure.

3. Jueni lengo. Kwa mtu aliyekwisha fanyiwa baipasi, madaktari wa Ulaya wanataka LDL iwe chini ya 1.4. Uingereza mwongozo unasema 2.0 au chini yake. Marekani kwa miaka mingi 70 ndiyo imekuwa alama ya kuongeza dawa. Muulize daktari wako: "Lengo langu ni ngapi, na mimi niko wapi?" Asiyekujibu kwa tarakimu, muulize tena.

4. Dawa ikikuletea maumivu, SEMA. Statini ziko nyingi, vipimo viko vingi, na dawa za aina nyingine zipo. Kuacha kimyakimya ndilo kosa langu, msilirudie. Na gharama si udhuru mkubwa kama zamani. Haki miliki za nyingi ya statini zimekwisha, na leo zinatengenezwa na viwanda vingi kwa bei nafuu.

5. Sigara, kisukari na presha vinashirikiana na mafuta. Mwenye kuvuta huku anakunywa statini ni kama mwenye kuchota maji kwa pakacha.

6. Chakula. Hapa najua nitagombana na wengi. Samli inapandisha LDL. Mafuta ya nazi nayo yanapandisha LDL, hata kama kwenye chupa wameandika ni dawa ya kila kitu. Sisemi msile wali wa nazi mpaka mfe; mimi mwenyewe nakula siku za sikukuu. Lakini mchuzi wa tui zito kila siku, na halua juu yake, na mkate wa kumimina jioni... hivyo havimsaidii mtu mwenye vena ya mguu kwenye moyo. Samaki tumejaaliwa, maharage yapo, mboga zipo.

7. Wenye wazee nyumbani Unguja, Mombasa au Dar, tuwafuatilie. Wengi walikuwa wakipelekwa India kupasuliwa, na tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Jamaa wote tunachangia operesheni, tunashukuru, tunapiga simu za pongezi. Lakini vidonge vya mwezi wa saba vikimalizika, nani anajua? Sisi tunaotuma fedha, tuulize pia khabari za vidonge. Mchango wa operesheni ni wa mara moja, wa dawa ni wa kila mwezi.

Nimempigia rafiki yangu wa Maskati tena juzi, nikamsomea haya karibu yote. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Sasa bwana, mbona wewe hukuniambia kama uliacha?" Nikamwambia niliona haya. Akasema atakwenda kupimwa mwezi ujao, na karatasi atanitumia niisome. Nimemwambia nitaisoma, lakini kwa sharti moja: na mimi nitamtumia yangu.

Wenye ujuzi zaidi, khasa madaktari wetu, wanisahihishe pale nilipoteleza, nitashukuru. Na kama yuko mwenzetu hapa aliyeacha vidonge bila ya kumwambia mtu, si lazima ajitokeze. Amwambie daktari wake tu.

Wasalaam,
Ndugu yenu, mpimaji damu mstaafu
Uingereza